Sensa ya Iran, GNS, OpenStreetMap na Wikipedia: ipi ikupe mahali na idadi ya watu wa kijiji kidogo cha Kiajemi?

Wenye haraka waondoke na hukumu hii: idadi ya watu ichukue kwenye majedwali ya Kituo cha Takwimu cha Iran, mahali pachukue GNS, kanzidata ya Marekani ya majina ya mahali, kisha upahakikishe kwa picha ya setilaiti, na Wikipedia iwe mlango wa kuingilia tu. Anayefuata njia kinyume, akaanza na nukta ya ramani ndipo atafute idadi, mara nyingi huishia kuwahamisha watu wa kijiji kimoja na kuwaweka juu ya kijiji kingine chenye jina hilo hilo.

Huduma zote nne ni bure. Watakaozihitaji ni watafsiri, wanaoandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, wanafunzi wa jiografia na wapanga safari. Wa pwani wanaotarajia kupata humu kijiji walikotoka Washirazi wajiepushe na usumbufu mapema: sensa ya kwanza ya taifa ya Iran ilifanyika 1956, na jedwali halirudi nyuma ya hapo.

Kijiji cha kupimia ni Abyaneh, kwenye miteremko ya mlima Karkas, mkoa wa Isfahan, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kinajulikana kwa nyumba za udongo mwekundu zilizopandana kwa ngazi. Kipo latitudo nyuzi 33 dakika 35 kaskazini, longitudo nyuzi 51 dakika 35 mashariki. Sensa ya 2006 ilikihesabia watu 305 katika kaya 160. Kijiji cha pili, kitakachotajwa pale jina linapoleta utata, ni Garmeh, chenye mitende yake pembezoni mwa jangwa la Dasht-e Kavir, jirani na mji wa Khur.

Ngazi za utawala kwanza

Bila kuzijua ngazi hizi hakuna jedwali litakalosomeka. Mkoa ni ostan, wilaya ni shahrestan, tarafa ni bakhsh, kata ni dehestan, na chini kabisa kuna deh au rusta, yaani kijiji. Mtanzania atazielewa bila jasho, kwani mpangilio unafanana na wake. Abyaneh basi iko kata ya Barzrud, tarafa ya kati ya wilaya ya Natanz, mkoa wa Isfahan.

Hiyo tarafa ya kati ndiyo mtego wa kwanza. Kwa Kiajemi huitwa bakhsh-e markazi, na karibu kila wilaya inayo ya kwake. Halafu upo mkoa mzima unaoitwa Markazi, makao yake Arak. Watu huona neno markazi katika maelezo ya kijiji wakakipeleka Arak, ilhali kipo Kerman au Fars. Dawa yake ni moja: usiandike ngazi yoyote kabla hujaona zote nne kwa mfuatano.

Mtego wa pili ni kwamba mipaka huhama. Khorasan iligawanywa mikoa mitatu mwaka 2004. Alborz ilitolewa ubavuni mwa Tehran mwaka 2010, na tangu hapo mikoa ni 31. Wilaya hugawanyika mara nyingi zaidi: Garmeh katika jedwali la 2006 imo wilaya ya Nain, lakini ramani za leo zinaiweka wilaya ya Khur na Biabanak, iliyomegwa baadaye. Ukitafuta Garmeh ya 2006 ndani ya wilaya ya leo huioni, na utadhani kijiji hakikuhesabiwa.

Majedwali ya Kituo cha Takwimu

Hapa ndipo penye nyama. Iran ilihesabu watu 1956, 1966, 1976, 1986, 1996, 2006, 2011 na 2016. Iliyotarajiwa 2021 haikufanyika, hivyo mtu akikuletea idadi ya kijiji na kusema ni ya sensa ya 2021, mrudishe alikoitoa. Sensa ya 2016 ilihesabu watu 79,926,270 nchi nzima, wa vijijini wakiwa 20,730,625, karibu robo.

Matokeo ya vijiji hutolewa faili moja la Excel kwa kila mkoa. Mikoa ina misimbo kuanzia 00, si 01: Markazi ni 00, Gilan 01, Fars 07, Kerman 08, Isfahan 10, Yazd 21, Tehran 23, Khorasan Kusini 29, Alborz 30. Anayefungua faili namba 11 akitegemea Isfahan atakuta Sistan na Baluchestan. Excel nayo hupenda kula sifuri za mwanzo, ikaigeuza 00 kuwa 0 na 07 kuwa 7. Ukitaka kuunganisha jedwali la mwaka mmoja na la mwingine kwa kutumia misimbo, iweke safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuingiza data, la sivyo mistari ya mikoa kumi ya kwanza haitakutana.

Ndani ya faili kila mstari una misimbo ya ngazi, jina, idadi ya kaya (khanevar), jumla ya watu (jam'iyat), wanaume (mard) na wanawake (zan). Chukua kaya pamoja na watu, kila mara. Idadi ya watu peke yake haisemi mengi. Abyaneh ya watu 305 kwa kaya 160 ni wastani usiofika watu wawili kwa kaya, wakati wastani wa taifa mwaka huo ulikuwa wanne. Hiyo ni sura ya kijiji kilichobaki na wazee huku vijana wakiishi Tehran na Kashan na kurudi kwa sikukuu. Kijiji kingine chenye watu hao hao 305 kwa kaya 65 ni habari tofauti kabisa, kina watoto na kina haja ya shule.

Msimu nao una uzito. Sensa za 2006 na 2011 zilifanyika mwishoni mwa Oktoba na Novemba, mwezi wa Aban wa kalenda ya Iran, na zinahesabu wanaoishi pale kwa kawaida. Vijiji vya milimani hujaa kiangazi na kupungua baridi inapoanza. Kwa hiyo mtalii aliyefika Abyaneh mwezi wa Julai akakuta vichochoro vimejaa, akasema sensa imedanganya, amelinganisha vitu viwili visivyolingana.

Kuna mistari yenye nyota au nafasi tupu mahali pa namba. Maana yake si sifuri. Kijiji kikiwa na kaya chache mno, namba hufichwa ili watu wasitambulike. Katika Wikipedia ya Kiingereza hali hii hugeuzwa kuwa sentensi kwamba kijiji kilikuwepo ila idadi haikutolewa, na hapo wameandika sawa. Wanaokosea ni wale wanaonakili na kujaza sifuri, kisha programu ya ramani inakipaka kijiji rangi ya mahame.

Kingine: kipimo cha sensa huitwa abadi, na si kila abadi ni kijiji. Shamba lenye mlinzi mmoja, kisima chenye mota, kiwanda cha matofali, kituo cha barabarani, vyote vinaweza kupewa mstari. Jina likianza na Tolombeh (pampu) au Chah (kisima), hasa Kerman na Fars, shuku kwanza. Kwa sababu hii hii, kuanzia 2021 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walifuta maelfu ya makala za "vijiji" vya Iran vilivyokuwa pampu za maji. Kinyume chake pia hutokea: kijiji kikikua na kupandishwa hadhi kuwa mji, hutoweka kwenye faili la vijiji na kuhamia la miji. Kimekosekana? Angalia huko kabla ya kusema kimekufa.

Kasoro kubwa ya huduma hii ni upatikanaji. Tovuti ya Kituo, kama nyingi za serikali ya Iran, mara nyingi haifunguki kutoka nje ya nchi. Njia inayofanya kazi ni kufungua makala ya Wikipedia ya Kiingereza ya kijiji chochote cha mkoa unaoutaka, kushuka kwenye tanbihi, na kubofya nakala ya faili iliyohifadhiwa Internet Archive, ghala la kurasa za zamani za mtandaoni. Faili ni la mkoa mzima, hivyo ukilipata mara moja umemaliza.

Alama: nne na nusu kati ya tano. Nusu imekatwa kwa ajili ya mlango uliofungwa.

Kibodi ya Kiarabu itakuangusha

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua hati ya Kiarabu tangu madrasa, na hilo ni mtaji mkubwa hapa. Lakini mtaji huo una shimo. Kiajemi kinaongeza herufi nne, پ چ ژ گ, na hizo utaziona kwa macho. Zisizoonekana ni mbili: ye na kaf. Kibodi ya Kiarabu huandika ي (namba yake ya kompyuta U+064A) na ك (U+0643); ya Kiajemi huandika ی (U+06CC) na ک (U+06A9). Katikati ya neno zinafanana kabisa, ila kwa kompyuta ni herufi tofauti. Andika ابيانه kwa kibodi ya Kiarabu, utafute kwenye faili lililoandikwa kwa ya Kiajemi, Excel itakujibu kwamba hakuna kitu, na kijiji kipo mbele ya macho yako.

Kubadili kibodi hakutoshi, kwa sababu mafaili ya zamani ya Iran yenyewe mara nyingi yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tumia alama ya kuuliza badala ya herufi yenye shaka: Excel inaposoma اب?انه katika kisanduku cha kutafutia hukubali herufi yoyote mahali pale. Majina ya maneno mawili yana ugonjwa mwingine, wa nafasi isiyoonekana inayotenganisha herufi bila kuacha pengo. Tafuta neno moja tu, si jina zima.

Tarakimu pia. Nne, tano na sita za Kiajemi (۴ ۵ ۶) hazifanani na za Kiarabu (٤ ٥ ٦), na Excel ikizipokea kama maandishi haitazijumlisha. Miaka ni ya kalenda ya jua ya Iran: ongeza 621 upate mwaka wa kawaida wa sensa zinazofanyika vuli. Hivyo 1385 ni 2006, 1390 ni 2011, 1395 ni 2016. Usitumie hesabu ya Hijria ya mwezi, itakutupa miaka kama arobaini nje.

GNS kwa mahali

GNS ni kanzidata ya majina ya mahali ya dunia nje ya Marekani, inayotunzwa na NGA, taasisi ya Marekani ya ujasusi wa ramani. Kwa Iran imesheheni. Kila mahali pana namba yake ya kudumu, UFI, na kila jina la mahali hapo lina namba yake, UNI. Hii ndiyo sifa yake kuu: majina kumi ya kijiji kimoja yakishikwa na UFI moja, unajua ni kijiji kimoja. UFI mbili zikiwa umbali wa kilomita moja na majina yanayokaribiana, yaelekea ni kijiji kimoja kilichoingizwa mara mbili kutoka ramani mbili.

Tahajia ya Kilatini ndiyo inayozalisha fujo. Herufi moja huandikwa q au gh, nyingine v au w, mwisho wa neno huwa eh, ah au e, na kiungo cha maneno huwa -e, -ye au kuachwa kabisa. Usitafute tahajia, tafuta kwa hati ya Kiajemi inapowezekana. Jifunze pia maneno machache yanayotofautisha mapacha: Bala na Olya ni juu, Pa'in na Sofla ni chini, Vosta ni kati, Now ni mpya. Hoseynabad na Aliabad zimo mamia nchini, na bila kata na tarafa jina hilo halina faida yoyote. Garmeh ipo ya Isfahan yenye mitende, na upo mji wa Garmeh mkoa wa Khorasan Kaskazini. Ukiona idadi ya watu maelfu imebandikwa kwenye kijiji cha jangwani, umechukua ya mjini.

Sasa usahihi wa nukta. Maeneo mengi yameandikwa kwa dakika nzima bila sekunde. Dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85, dakika moja ya longitudo, kwenye latitudo ya Abyaneh, ni kama kilomita 1.55. Kijiji chenye upana wa mita 300 kinaweza kuwa mlima wa pili kutoka nukta yako, na katika bonde jembamba tofauti hiyo ni ya kijiji kimoja na kingine. Kosa baya zaidi hutokana na mtumiaji: kusoma nyuzi 33 dakika 35 kama 33.35. Dakika 35 ni 0.583 ya nyuzi, kwa hiyo namba sahihi ni 33.583 na 51.583. Ukiandika 33.35 na 51.35 umekisogeza kijiji kilomita 26 kusini na zaidi ya 21 magharibi.

GNS haitoi idadi ya watu ya kutegemea kwa vijiji hivi, na haidai kutoa. GeoNames, kanzidata nyingine ya majina ya mahali iliyojengwa sehemu kubwa juu ya data za GNS, ina kisanduku cha idadi, lakini kwa vijiji vidogo mara nyingi kina sifuri. Sifuri hiyo ni ya kutojazwa, si ya kuhama. Hapo ndipo pia zilipochipuka makala za Wikipedia ya Kicebuano, lugha ya Ufilipino, zilizoandikwa na roboti: ukizikuta kwenye matokeo ya utafutaji zikikutajia mwinuko na hali ya hewa ya kijiji, jua hakuna mtu aliyekiangalia.

Alama: nne kwa mahali. Kwa idadi ya watu, haimo mashindanoni.

Kuhakikisha kwa setilaiti na OpenStreetMap

Weka nukta ya GNS kwenye picha ya setilaiti, kisha zunguka kilomita mbili kila upande. Kijiji halisi cha nyanda za juu za Iran kina mapaa yaliyobanana, vichochoro, bustani zilizozungushiwa ukuta, na mara nyingi mstari wa mashimo yanayofuatana kutoka mlimani, ambayo ni visima vya qanat, mfereji wa chini ya ardhi. Pampu ina jengo moja la mraba, bwawa la maji pembeni na mashamba yaliyonyooka, bila kichochoro hata kimoja. Mahame yana kuta zisizo na mapaa. Ukiona mapaa mia na sensa inasema kaya 20, usishtuke: nyumba za wikendi na zilizofungwa zinaonekana angani ila hazihesabiwi kama kaya.

OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watumiaji wenyewe, ni nzuri kwa hatua hii kwa sababu jina la Kiajemi na la Kilatini hukaa pamoja kwenye nukta moja, unaweza kulinakili na kulitafuta kwenye faili la sensa. Vijiji vyenye watalii kama Abyaneh vimechorwa hadi njia za miguu. Maeneo ya mbali yana nukta tupu tu. Sehemu ya idadi ya watu huwa tupu, au imejazwa bila mwaka. Isiyo na mwaka usiichukue.

Alama: tatu na nusu.

Wikipedia, na swali la lugha

Makala ya Kiingereza ya kijiji cha Iran hufuata kiolezo kimoja: jina, tahajia nyingine, kata, tarafa, wilaya, mkoa, sensa. Kwa idadi huwa sahihi pale ilipotajwa sensa na tanbihi ikafunguka. Kwa nukta ya ramani, iangalie upya kwa njia iliyoelezwa juu. Ya Kiajemi mara nyingi huongeza habari za kilimo na mahali, ila vyanzo vyake hupungua.

Pagumu ni pale makala inaposema kijiji ni cha wazungumzaji wa Kiajemi. Majedwali ya vijiji ya sensa hayana safu ya lugha. Habari hiyo hutoka kwingine, na chanzo kikongwe kinachorudiwa sana ni kamusi ya jiografia ya Iran ya juzuu kumi iliyotolewa na idara ya jiografia ya jeshi karibu mwaka 1950, chini ya usimamizi wa afisa wa jeshi Razmara. Ile ilitaja kwa kila kijiji idadi ya wakazi, dhehebu, lugha, maji, mazao na barabara. Kamusi kubwa ya Dehkhoda ikanakili maingizo hayo kwa wingi, na tovuti za kamusi zikanakili Dehkhoda. Ndiyo maana ukitafuta kijiji unakutana na maneno ya Kiajemi yanayosema kina tan sekaneh kadhaa, yaani nafsi kadhaa, bila mwaka. Namba hiyo ina zaidi ya miaka 70. Inafaa kwa kulinganisha, haifai kuandikwa kama ya leo.

Hata lugha yenyewe ni ya kushika kwa uangalifu. Abyaneh iko katikati ya Iran, kila mtu anajua Kiajemi, lakini lugha ya nyumbani ya wenyeji ni lahaja ya nyanda za kati, jamaa ya zile za Natanz, ambayo mtu wa Tehran haielewi. Kukiandika "kijiji cha Kiajemi" si uongo, ila ni nusu ya habari.

Alama: tatu, kwa masharti hayo.

Nje ya Iran njia hii inakatika haraka. Afghanistan ilifanya sensa moja tu, 1979, na haikukamilika, kwa hiyo idadi yoyote ya kijiji cha wazungumzaji wa Dari, Kiajemi cha Afghanistan, ni makadirio, na ni lazima useme ya nani. Tajikistan ilihesabu 2000, 2010 na 2020, lakini jina utalitafuta kwa hati ya Kisirili, na takwimu nyingi utakazozipata zitaishia ngazi ya jamoat, ambayo hukusanya vijiji kadhaa. Usigawanye idadi ya jamoat kwa idadi ya vijiji vyake ili upate ya kijiji kimoja. Wapo wanaofanya hivyo.

Kuhusu muda: ukiwa na faili la mkoa mkononi, kijiji chenye jina la peke yake ni kazi ya dakika chache. Hoseynabad moja isiyojulikana kata yake inaweza kula mchana mzima, na bado usiipate.